Vitatange Saba wa Darasa la Pili

Wacha niseme mwanzo kabisa, kabla hajatokea mtu akanisemea: nilikuwa na wivu. Si ule wivu wa kupita, unaoamka nao asubuhi na kufika adhuhuri ushausahau. Wangu ulikuwa wa kukaa. Ulikuwa unakula na mimi sahani moja, na mtu niliyekuwa nikimwonea alikuwa upande wa pili wa ukuta wangu.

Nasomesha hesabu darasa la tano, katika skuli moja ya Mji Mkongwe. Mwenzangu anasomesha darasa la pili, mlango kwa mlango na mimi. Yeye ni mtoto wa mjini hasa, wa ukoo wa Kiarabu, watu waliokuwa na mashamba zamani na sasa wamebaki na heshima na mapazia mazuri. Mie nimezaliwa Chwaka, mama yangu analima mwani mpaka leo, na ninakaa Ng'ambo, vyumba viwili, na mume wangu anayefanya kazi bandarini Malindi. Hayo peke yake hayakunitia wivu, watu wazuri na mapazia yao nimewazoea. Kilichonitia wivu ni kuwa mwanangu, binti yangu wa pekee, wa miaka minane, alikuwa darasani mwake.

Akirudi nyumbani alikuwa hana habari nyingine. Mwalimu wangu kasema hivi. Mwalimu wangu hali pilipili. Mwalimu wangu hafokei watoto. Hilo la mwisho alilisema akinitazama usoni, na mimi nimeshika mwiko. Siku moja nikamkalisha nimfundishe kutoa. Alikuwa akihesabu kwa vidole, nikamwambia aviache, atumie kichwa, nikapandisha sauti kidogo. Akaweka kalamu chini na kuniambia, kwa adabu zake zote, kwamba mwalimu wake hafundishi hivyo. Miaka kumi na nne nasomesha hesabu mie. Nilikwenda jikoni nikamenya vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo.

Halafu wakaja samaki.

Kaka yake mwenzangu alimletea tangi la kioo lenye pampu ndogo ya hewa, likawekwa karibu na dirisha la darasa la pili. Ndani yake mawe, mchanga, na vitatange saba, wale samaki wadogo wa mwambani, bapa kama kiganja cha mtoto, manjano na mistari myeusi. Skuli nzima ilihamia kule. Wanafunzi wangu, ambao kengele ya mapumziko ilikuwa ikilia wanakimbilia mihogo ya kukaanga, sasa walikuwa wanakimbilia kubana pua zao kwenye kioo cha watu. Mwalimu Mkuu, ambaye miaka mitatu namwambia dirisha langu halifungi na mvua inaingia, alipata nafasi ya kuja mwenyewe kuchagua pembe ya kuliweka tangi. Kila mgeni aliyefika skuli alipelekwa kuwaona. Walikuwa wakipita mbele ya mlango wangu, penye jedwali la kuzidisha nililolichora kwa mkono wangu kwenye boksi la televisheni, na hapana hata mmoja aliyegeuza shingo. Jioni nikifungua simu nakuta kundi la wazazi limejaa picha za vitatange na mioyo myekundu.

Na alikuwa akiwasomeshea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alikuwa akiwakusanya watoto mbele ya tangi na kuwauliza: samaki saba wapo, wawili wamejificha nyuma ya jiwe, tunawaona wangapi? Na mimi huku ng'ambo ya ukuta, chaki mkononi, nasikia watoto arobaini wanajibu kwa pamoja, watano, na sauti ya mwanangu naitambua miongoni mwao. Ilikuwa njia nzuri ya kufundisha. Ningeweza kuibuni mie, na sikuibuni.

Siku ya kwanza nilikwenda kuwatazama, kama walimu wengine. Nikasimama mlangoni nikasema, "Wazuri hawa." Sasa, kwetu ukisifu kitu cha mtu unasema mashaallah, ili sifa yako isije ikakidhuru. Hata mtoto anayeanza kusema analijua hilo. Mie sikulisema. Wala nisijidanganye kuwa nilisahau. Lilinifika kooni, likakaa pale pale. Mwenzangu alingoja kidogo, akatabasamu, akalisema mwenyewe badala yangu. Walimu wawili waliokuwa nyuma yangu wakatazamana.

Baada ya siku chache mwanangu alikuja mbio nyumbani na kadi ya manila imening'inia kifuani kwa uzi. Imeandikwa Mtunza Samaki, kwa ule mwandiko mzuri wa mwalimu wake. Kazi yake ilikuwa moja. Darasa lile lina joto, jua linapiga dirishani na feni inazunguka tangu asubuhi, kwa hivyo maji ya tangi yalikuwa yakipungua kila siku. Mwenzangu alikuwa amepiga alama nyekundu kwenye kioo. Kila asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, mwanangu achote chupa ya maji ya bahari kutoka kwenye dumu lililowekwa pembeni, ajaze mpaka kwenye alama. Kaka yake mwenzangu alikuwa akilijaza dumu lile kila Jumamosi. Mwanangu hakumwaga hata tone. Kadi ile alilala nayo, na baba yake alipomtania kuwa amepata kazi ya serikali kabla yake, hakucheka, alikubali tu kwa kichwa.

Samaki wa kwanza alikufa wiki ya tatu. Tukasema samaki hufa. Wa pili akafa siku nne baadaye.

Siku aliyokufa wa pili niliingia darasa la pili kuazima chaki, watoto wako nje. Nikalikaribia tangi. Hakuna aliyekuwa akiniona, kwa hivyo nilitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ukingo wa juu wa kioo ulikuwa umefanya utando mweupe, mgumu, kama ule unaobaki kwenye majabali bahari ikishakupwa na jua likishapiga. Kitatange mmoja alikuwa juu kabisa, mdomo unafumbuka na kufumba. Nikajua saa ile ile.

Nilijua kwa sababu nshawahi kuwaua wa kwangu. Bahari ya Chwaka ikipwa inakwenda mbali, inaacha vidimbwi vimejaa visamaki, na sisi watoto tulikuwa tukivikamata na kuvitia kwenye beseni bovu nyuma ya nyumba. Maji yakipungua kwa jua, tunakimbia baharini kuchota mengine. Visamaki vikawa vinakufa kila siku, na sisi tunazidi kuchota. Mpaka bibi yangu alipokuja akachovya kidole kwenye beseni, akaonja, akatema. Akatwambia kuwa jua linachukua maji lakini chumvi haliichukui, chumvi inabaki, na sisi kila siku tunawatilia chumvi juu ya chumvi. Maji yakipungua, alisema, tieni ya kisima. Tukatia ya kisima, na vikaishi.

Mwenzangu hakuwa na bibi wa namna hiyo. Bahari ameitazama maisha yake yote kutoka dirisha la ghorofani. Alifikiri kama mtu yeyote wa mjini angefikiri: samaki wa bahari, maji ya bahari, kuna la kuuliza hapo? Na alikuwa akifanya kwa uangalifu mkubwa, kila siku, chupa nzima.

Nilichotakiwa ni kusema sentensi moja. Nilichukua chaki nikatoka.

Nilijipa sababu, tena nyingi. Watasema mtu wa shamba ameanza kutufundisha. Watasema ndio huyo, wivu umemshinda sasa anatia kasoro. Labda hata nimekosea, vitatange si visamaki vya beseni. Zote hizo zilikuwa sababu za kupamba. Kweli yenyewe ni kuwa nilitaka wafe. Nilitaka ile pembe ya dirisha ibaki tupu, Mwalimu Mkuu apite asiwe na cha kuonyesha, na mwanangu arudi nyumbani siku moja akiwa hana habari ya mwalimu wake, akae na mimi mezani tufanye hesabu.

Wa tatu akafa. Mwenzangu aliingia na wasiwasi, na kwa wasiwasi wake akafanya kile tunachofanya sote. Alileta chetezo, akakiweka chini ya tangi, akafukiza ubani. Akabandika kwenye kioo karatasi ya dua na kufunga uzi mweusi kwenye pembe, kuzuia jicho la husuda. Darasa zima likanukia kama chumba cha bibi harusi. Na ile pampu ya hewa, ambayo ilikaa pale pale kando ya chetezo, ilikuwa inavuta moshi na kuupuliza majini. Niliuona moshi unavyoingia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari mkononi, na nikanyamaza.

Wa nne alipokufa, ofisi ya walimu nayo ilibadilika. Nikiingia mazungumzo yanakatika, kisha yanaanza mengine kuhusu bei ya sukari. Hakuna aliyelisema waziwazi. Mmoja alinitania tu kwamba nyinyi wa Chwaka macho yenu makali, samaki wanayaogopa hata wakiwa kwenye kioo. Wakacheka, na mie nikacheka. Nilipoitazama meza, si kwa lolote, mwalimu mwingine alivuta mkoba wake mpya taratibu akauweka chini ya kiti. Chai ile sikuimaliza.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote, chumvi, ubani, mkoba. Alinisikiliza huku anakula, akaniuliza kwa nini siwaambii. Nikamjibu kuwa yeye hajui mambo ya ofisi ya wanawake. Akasema, "Sema au nyamaza, moja. Lakini usininunie mie, mie sina samaki." Nikamnunia.

Kisha ikaja Jumatatu. Mwanangu alifika mapema kama kawaida yake, na kadi yake kifuani, na akakuta wawili wanaelea. Wa tano na wa sita, wamekufa mwisho wa wiki wakati skuli imefungwa. Naambiwa hakulia. Aliwatoa kwa kikombe, akawafunga kwa karatasi ya daftari, kisha akajaza maji mpaka kwenye alama, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Alipofika nyumbani hakula. Alikaa kwenye mkeka akazungusha kadi ile, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka nikamuuliza ana nini.

"Mama, una jicho?" akaniuliza.

Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema watoto. Akaharakisha kuongeza kuwa mwalimu wake aliwakataza wasiseme, aliwaambia ni dhambi kumsingizia mtu. Hata katika hilo ilibidi awe mwema, huyo mwanamke. Kisha mwanangu akaniomba, kwa sauti ya mtu mzima anayekuja kukwambia jambo zito la ukoo, kwamba kesho nisipite mbele ya mlango wao. Nipite ngazi ya nyuma. Akasema, "Amebaki mmoja tu, mama."

Sitaki nionekane mwema nilipokuwa si mwema. Kilichonitoa usingizini siku ile haikuwa huruma ya kitatange. Ilikuwa hasira. Mwanangu mwenyewe ananiogopa macho, na mwenye samaki anakaa pale msafi kama maji ya Zamzam. Nikasema kesho watanijua.

Asubuhi sikupita ngazi ya nyuma. Nilipita mlangoni kwao, tena nikaingia bila hodi. Darasa limejaa, kengele ya kipindi cha kwanza bado, mwenzangu yuko ubaoni. Nikenda moja kwa moja kwenye tangi. Yule wa mwisho alikuwa juu, anatweta, rangi yake ya manjano imefifia. Nikachovya kidole nikaonja. Haikuwa bahari ile. Ilikuwa kali, iliukamata ulimi wangu mpaka nyuma.

"Njoo uonje," nikamwambia mwenzangu. "Onja, kisha mnambie kama ni jicho langu. Si jicho, ni chumvi. Kila siku mnaongeza chumvi juu ya chumvi. Anayetia maji humu kila asubuhi ndiye anayewaua hawa."

Mimi nilikuwa bado nimemtazama mwenzangu, nangoja kuona uso wake utakavyokuwa. Na yeye hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anatazama kando yangu, chini kidogo. Nikageuka.

Mwanangu alikuwa amesimama karibu na dumu, chupa imejaa, ameishika kwa mikono miwili. Nilijua kazi yake ni hiyo. Kadi ile nilikuwa naivua kila siku nikimfulia shati lake, kisha namvika tena. Na bado, katika hasira yangu, nilipofikiria mkono unaotia maji niliuona mkono wa mwalimu wake tu.

Mwenzangu alichovya kidole, akaonja, na uso ukambadilika. Alikwenda kwa mwanangu, akaichukua ile chupa akaiweka chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji na baibui lake zuri. "Ni mie niliyekutuma," akamwambia. "Wewe ulifanya nilivyokwambia. Kosa ni langu, si lako." Mwanangu akamwangukia begani akalia, kilio kile alichokuwa amekibana tangu jana. Nami nimesimama kando, kidole kimelowa. Wallahi hata hapo nilimwonea wivu. Lile bega lilikuwa langu.

Alipoinuka aliniuliza tufanye nini, na nikamwambia. Tulitoa chetezo nje. Tukachota maji ya kisima cha skuli, na kutwa nzima tukawa tunatoa kikombe cha maji ya tangi na kutia kikombe cha kisima, polepole, maana samaki ukimbadilishia maji kwa ghafla naye hufa. Nilikuwa nikitoka darasani kwangu kila kipindi kwenda kuonja. Kengele ya kurudi nyumbani ilipokaribia, kitatange yule alishuka kutoka juu, akaenda kujibanza kwenye jiwe lake. Mwalimu Mkuu alikuwa amekuja kuangalia. Mwenzangu akamwambia kuwa ni mimi niliyemwokoa, kwamba mie ndiye ninayeijua bahari. Nilitafuta kejeli katika sauti yake, nikaitafuta kweli kweli. Haikuwemo.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mwanangu, kama siku zote, tukitokea Mji Mkongwe kwenda Ng'ambo. Mkoba wake wa skuli nilikuwa nimeubeba mimi. Kadi hakuivaa, ilikuwa mfukoni. Nilianza kumsimulia habari za beseni bovu na bibi yangu, na namna sisi pia tulivyowaua wetu kwa kutojua, nikidhani itamfariji. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulipofika Darajani, katikati ya wauza mboga, akaniita.

"Mama."

"Naam."

"Hawa wa kwetu, ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Neno leo lilikuwa tayari mdomoni, jepesi, na angeliamini, kwa sababu mie ni mama yake. Lakini siku nzima nilikuwa nimeonja maji yale, na ulimi ulikuwa bado unaniwasha.

"Alipokufa wa pili," nikamwambia.

Akasimama. Mwanamke mmoja na kapu lake la bamia alitupita akinung'unika kuwa tumeziba njia. Mwanangu alikuwa anatazama chini, midomo inamchezacheza, na nikasubiri vidole vitoke, kwa maana naijua sura yake anapopiga hesabu. Vidole havikutoka.

"Saba toa wawili, watano," akasema. "Watano toa mmoja aliyebaki, wanne." Akaninyanyulia macho. "Basi wawili ni wangu na mwalimu. Wanne ni wako."

Akanyoosha mkono akautoa mkoba wake begani mwangu, akauvaa mwenyewe. Nikamwambia jibu lake ni sahihi.